Ngano Katika Bonde la Mchicha

Kabla sijafika bondeni kwetu naomba nipite kwanza Manzese, maana nisingepita Manzese bondeni nisingepajua.

Ujanani nilikuwaga msaidizi wa fundi magodoro. Siyo haya magodoro ya siku hizi yanayouzwa yamefungwa nailoni, unalipiga konde linarudi. Nasema magodoro ya pamba, unajaza kwa mkono, unashona kwa sindano ndefu, ukimaliza pua imejaa, masikio yamejaa, ukikohoa unatoa pamba. Fundi wangu alikuwa mtu mfupi wa maneno mengi. Siku moja akanituma nipeleke godoro Kigogo, kwa mama mmoja aliyekuwa anamwoza binti yake siku hiyo hiyo. "Beba kichwani," akasema, "na usilitue mpaka umefika. Godoro la bibi harusi haligusi chini."

Nikabeba. Sikufika mbali, mvua ikashuka. Godoro la pamba likipata mvua linakunywa maji, linakunywa, wala halishibi. Shingo ikaanza kuingia kifuani. Miguu ikawa inakwenda kwake na mie nakwenda kwangu. Nikaona baraza ya nyumba ya watu, nikajitupa pale na godoro juu yangu.

Barazani alikuwa amekaa msichana na sinia la mchicha, anafunga mafungu. Akanitazama. Hata pole hakusema. Akasema, "Kaka, umelibeba godoro au limekubeba?"

Nilikasirika. Halafu nikacheka. Tukacheka wote mpaka mvua ikaisha, na ilipoisha nikaiombea irudi. Godoro lilifika kesho yake, tena halijakauka. Bibi harusi alishalala kwenye mkeka na hakulalamika, ila mama yake alilalamika kwa niaba yake. Fundi akanifukuza kazi. Yule msichana nikamwoa, na sasa hivi yuko ndani huko anauliza naandika nini muda wote huu.

Yeye ndiye aliyenileta bondeni. Mama yake alikuwa na matuta ya mchicha huku Temeke, nyuma kabisa ya Mbagala, kwenye bonde ambalo wapima viwanja wakifika wanakunja suruali, wanatazama, wanarudi zao, kwa sababu masika yote panakuwa maji. Mwanzoni habari za jembe nilikuwa sitaki kuzisikia. Nikaenda kuwa kuli Kurasini, nikabeba mizigo ya dunia nzima, mpaka mgongo uliponiambia baba, imetosha. Ndipo nikashuka bondeni na keni ya kumwagilia mkononi, na sijajuta. Shule mie niliishia darasa la nne, lakini mchicha haukuulizi cheti.

Sasa lazima niwaambie jinsi sie tunavyolisha mchicha, maana mambo yote yalitokea humo.

Mchicha unataka kula. Tena unataka kula leo, maana wiki chache tu uko sokoni. Basi kila mwenye matuta ana pipa lake. Ndani ya pipa unatia samadi ya kuku, unajaza maji, unafunika, unaacha ichachuke. Harufu yake sisemi. Mgeni akishuka bondeni mara ya kwanza anashika pua na kuuliza nani kafa. Ikishachachuka unachota kwenye keni, unachanganya na maji, unanyeshea. Mwenye uwezo anaongeza na yurea, ile mbolea nyeupe ya chengachenga kama sukari. Asubuhi ukirudi unakuta majani yamekuwa kama masikio ya ndama.

Na hapo kuna adabu moja ya bonde letu, tumeikuta kwa mama mkwe wangu na yeye aliikuta. Maji ya samadi hayarudi nyumbani. Ukimaliza matuta yako na keni ina kilichobaki, huwezi kukirudisha pipani, pipa linaharibika, na huwezi kupanda nacho kilimani kwenye nyumba za watu. Unammwagia jirani. Unatazama nani hayupo, au nani ana majani dhaifu, unamalizia kwake. Huulizi, wala yeye hashukuru. Ni kama kumwamkia mtu shikamoo, utakwenda kumtangazia nani kwamba leo nimeamkia?

Haya. Katika bonde hilo akaja mtu wa Bara.

Alikuwa mtu wa nyanda za juu kusini, kule kwenye baridi, wanakovaa sweta mpaka kwenye harusi. Alifanya kazi miaka yake yote Wazo, kwenye kiwanda cha saruji, akastaafu, akapanga nyumba jirani na kwangu. Mrefu, mpole, mkristo wa kanisani kweli kweli, na mikono yake ilikuwa na dawa. Pampu ikigoma, anaitazama tu, anaifungua, anaipuliza, inawaka. Keni ikitoboka anaiziba. Bonde zima lilimpenda. Mie ndiye niliyempenda zaidi, kwa sababu kila alasiri tulikaa kwenye gogo juu ya matuta, yeye na kahawa yake, mie na kashata zangu, tunabishana. Yeye ananiita Mswahili, mie namwita mtu wa Bara, na hakuna siku tuliyokubaliana kwa lolote.

Kasoro yake ilikuwa moja. Hakuwa ametulia bondeni. Mkewe alikuwa amepanda nyumbani kumuuguza mama yake, mama akapona, na mke mwenyewe akanogewa na baridi akakataa kushuka. Kila jioni simu inaita. Yeye anaiweka sauti kubwa kwa sababu masikio yameshachoka na mitambo, kwa hiyo ndoa yao tuliisikiliza bonde zima.

"Panda basi uje, baba," mkewe anasema. "Shamba la marehemu baba yako limejaa nyasi. Huko unafanya nini, unachuma mchicha?"

"Huku kuna watu."

"Na huku kuna ng'ombe tu? Huku kuna watu pia."

Siku moja, masika inaishia, mke akachoka. Akasema, "Sikiliza. Wewe unasema ardhi ya huko inaotesha kila kitu. Haya, otesha ngano. Ukinivunia ngano hapo Dar es Salaam, mimi nafunga mizigo nashuka, na habari za nyumbani sizisemi tena mpaka tunazikwa. Usipovuna, unapanda wewe uje huku."

Bonde zima likatega sikio. Hata waliokuwa wanamwagilia waliinua keni.

Akajibu, "Sawa. Leta mbegu."

Mke wangu akaniangalia, mie nikamwangalia. Tulielewa wote. Ngano ikizaa, tunaye. Ikikataa, tunampoteza, yeye na kahawa yake na mkono wake wa pampu.

Mbegu ilikuja na basi, imefukiwa ndani ya ndoo ya viazi. Mie ngano nilikuwa naijua kama unga, na kwenye magunia Kurasini. Mmea wake sikuwahi kuuona. Nikamuuliza kwa nini asubiri kipupwe kiingie. Akasema ngano ni mtoto wa baridi, Dar baridi hamna, lakini hicho kipupwe chenu ndicho kidogo kinachofanana nayo, upepo wa kusini, usiku mtu anavuta shuka. Akachagua kipande kilichotoka kung'olewa kunde, cha mke wangu. Aling'oa shina moja la kunde lililobaki akanionesha mizizi, ina vinundu vinundu kama chunusi.

"Unaona hivi? Kunde zimeacha chakula humu. Kwetu baba alikuwa hapandi ngano juu ya ngano. Mwaka huu maharage, mwaka ujao ngano, anayekula anafuata anayepika."

"Sasa yurea utatia au hutatia?"

"Kidogo. Mara mbili. Wakati wa kupanda kiasi, halafu ikianza kuchipua machipukizi kiasi, basi."

Akatoa kifuniko cha soda mfukoni, akawa anapimia yurea kwa hicho kifuniko, ananyunyiza kwenye mistari kama mpishi wa hospitali anavyotia chumvi. Nikacheka.

"Bwana wee, hiyo unailisha au unaionjesha?"

"Ngano siyo mchicha, Mswahili. Mchicha unauza jani. Ngano nataka mbegu. Ukiishibisha sana inanenepa, inasahau kuzaa. Inatakiwa ibaki na njaa kidogo."

Maneno hayo aliniambia mie, akamwambia mke wangu, na wote bondeni tuliyasikia. Lakini kusikia na kuamini ni vitu viwili. Mtu ambaye maisha yake yote anaona mmea unafurahi ukilishwa, umwambie kuna mmea unaofurahi na njaa! Tukasema, haya, mila za Bara hizo.

Ngano ikaota. Wallahi ilikuwa nzuri. Mistari imenyooka kama watoto wa madrasa. Watu wa mitaa ya juu wakawa wanashuka kuiangalia. Mzee mmoja wa msikitini kwetu aliinama, akashika jani, akasema, "Kumbe chapati ni nyasi?" Tangu hapo kile kipande kikaitwa shamba la chapati.

Na kila mmoja, jua likielekea kuzama, keni yake ikiwa na kilichobaki, alitazama nani wa kummalizia. Zamani kilikwenda huku na huku, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kipupwe kile, chote kilichobaki kilikwenda kwa mgeni. Nani angemwagia bamia za jirani wakati yule mtu akikosa ngano anaondoka? Mke wangu alimalizia pale. Mwenye matembele alimalizia pale. Mie nilipita na keni yangu nikamalizia pale. Kuna mama mmoja wa mchicha wa ng'ambo ya mfereji, mnene, mcheshi, yeye alikuwa anavuka mfereji makusudi, na wala hakuvuka na kilichobaki, alivuka na keni imejaa.

Mtauliza mwenyewe alikuwa wapi. Alikuwepo asubuhi. Jioni alikuwa kwenye gogo na simu. Na kuhusu harufu, pua yake ilishakufa siku nyingi kwa vumbi la saruji, ungeweza kumpikia papa akasema ni kuku.

Ila macho alikuwa nayo. Akaanza kuwa na wasiwasi.

"Mbona imekuwa nyeusi hivi?" aliniuliza siku moja. Kweli, ile kijani ilikuwa imekoza mpaka inaelekea bluu, na majani mapana, laini, yamejikunja mabega.

"Si afya hiyo?"

"Hapana. Kunde zenu hizi zimeacha chakula kingi mno. Sijawahi kuona kunde za namna hii."

Mke wangu akavimba kichwa siku nzima kwa kusifiwa kunde zake.

Akaacha kutia kile kifuniko cha pili. Sie tukaona maskini, kainyima. Tukaongeza.

Masuke yalitoka. Siku hiyo alipiga simu yeye mwenyewe kabla hajapigiwa. "Mama," akasema, "anza kukunja nguo." Mkewe akauliza kama yamejaa au yametoka tu. Akajibu yametoka. "Basi tusubiri," mama akasema. Mama yule hakuwa mtu wa kudanganyika.

Halafu ikaja mvua moja, siyo kubwa, mvua ya kipupwe ya kupita njia, na upepo nyuma yake. Asubuhi nashuka nikamkuta amesimama kwenye ukingo mikono nyuma. Shamba la chapati lote limelala chini, limelala kama watu waliotoka ngomani. Mahindi yangu pembeni yamesimama. Mchicha umesimama. Ngano peke yake imelala.

Akachuchumaa. Akachukua udongo, akaupeleka puani, hakusikia kitu, akaniletea mie. "Nusa."

Nikanusa. Kuku mtupu.

Akasimama, akapaza sauti, na yeye hakuwa mtu wa kupaza sauti. "Jamani! Nani amekuwa anailisha ngano yangu?"

Nyie, mngeona watu walivyofurahi. Walidhani anataka kushukuru.

"Mie!" mke wangu akaitikia, mkono juu.

"Na mie!" mwenye matembele.

"Mie keni nzima, kaka, tena nilikuwa navuka mfereji!" yule mama wa ng'ambo, anakuja mbio asije akasahauliwa. "Hao wote walikuwa wanakumwagia makombo!"

Mie nami nikanyanyua kidole, kidogo, usawa wa kifua.

Akatutazama mmoja mmoja. Midomo ikaanza kumcheza. Nikadhani analia, nikasogea. Kumbe kicheko kinamtoka, kimeanzia tumboni huko, akakaa chini kwenye matope na suruali yake safi, akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Mmeilisha kama mchicha," akasema akipata pumzi. "Niliweka kifuniko cha soda, nyie mmeweka mapipa! Imenenepa, shingo imekuwa laini, imeshindwa kubeba kichwa."

"Tulitaka izae, wewe ubaki," mke wangu akasema. Naye sauti ilikuwa imeshaanza kulegea.

"Najua, dada. Najua."

Hatukukata tamaa. Yule mama wa ng'ambo akasema kitu kilicholala kinainuliwa, akaleta kamba za migomba, zile za kufungia mchicha. Siku ile hakuna aliyekwenda sokoni. Tuliiinua ngano konzi kwa konzi, tukaifunga mafungu, na kila fungu tukaliegemeza kwenye kijiti. Mikono yetu inajua kufunga mchicha, basi tulifunga kimchicha, fungu limekazwa kiunoni, kichwa kimechanua. Tulipomaliza, shamba likafanana na genge la mboga.

Mtu wa Bara akazunguka akiangalia. "Sasa hii tutavuna," akauliza, "au tutauza fungu?"

Simu ya jioni ilikuwa ndefu. Alimsimulia mkewe yote, hakuficha. Tulisikia mama wa watu anacheka huko juu, anamwita mtu mwingine aje asikie, anasimulia upya kwa kilugha chao, wanacheka wawili. Lakini akasema neno lake ni lile lile. Ngano ni mbegu, siyo majani.

Ilichelewa kukauka. Kilichoshiba sana hakina haraka ya kuzeeka, aliniambia. Chini kwenye mafungu ukungu ukaingia, juu wakaja shomoro na jamaa zao wote. Mwisho akakata iliyobaki, tukatandaza turubai, tukaipiga kwa fimbo, wote tuko pale, tumesimama kama tunaosubiri matokeo ya mtihani. Majani yake yalikuwa lundo kubwa, ng'ombe wawili wangeshiba. Akachota punje kwenye ungo wa mke wangu, akapepeta.

Mapepe. Upepo wa kusini ukapita, mapepe yakaruka, yakaenda zake juu ya matuta ya mchicha, na kwenye ungo ikabaki ngano ya kujaza kiganja. Punje zenyewe nyembamba, zimekunjamana.

Simu ikaita, siyo wakati wake, sijui mama alijuaje.

"Enhe?"

"Kiganja," akasema.

Huko juu vikapigwa vigelegele. Tena siyo vya kejeli, vilikuwa vya furaha hasa, na nyuma yake mbwa anabweka. "Nimeshatandika," mama akasema. "Na shamba limelimwa upande mmoja, upande wa pili nimekuachia wewe. Upande huo ulikuwa na maharage, usiulize mbolea."

Mke wangu akamnyang'anya simu. "Dada, shikamoo. Tuachie huyu mtu, pampu zetu atatengeneza nani?"

"Marahaba, mdogo wangu. Njooni naye nyote, kuna nafasi. Keni tu ndizo msije nazo."

Wakacheka. Hata mie nilicheka, lakini nilikuwa natafuta njia. Nikamvuta pembeni kwenye gogo letu.

"Mwakani tunapanda tena," nikamwambia. "Safari hii kila mtu keni yake anaifunga kwa kufuli. Nakuapia."

Akaniangalia kwa huruma. "Mtafunga mwezi wa kwanza, Mswahili. Wa pili mtaniona nimekaa peke yangu, mtanionea huruma, mtafungua."

Nikaitikia kwa kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza tumekubaliana.

Nikamtazama vizuri usoni nikaona hana huzuni. Macho yake yalikuwa yameshapanda mlima. Alimimina kile kiganja cha ngano kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Akashuka mferejini akanawa miguu, taratibu, akisugua katikati ya vidole. Yule mama wa ng'ambo akamwambia pampu yake inakohoa tangu jana. Akaifungua, akaipuliza, ikawaka. Akafuta mikono kwenye suruali.

Nilidhani anakwenda dukani kununua vocha. Alipita kwenye kijia cha katikati, akikwepa matuta ya watu asikanyage jani hata moja, akampa mke wangu ungo wake, akapandisha kilima kuelekea barabarani kwenye mabasi, mkono mmoja umeshika mfuko wa shati. Nikamwita, "Mtu wa Bara! Kahawa inapoa!" Akanyanyua mkono ule mwingine bila kugeuka, akaendelea kupanda, akapinda kwenye kona ya nyumba ya mwisho, na hakurudi tena.